Ukuta wa Pumba za Mpunga

Mzee Reubeni alisimama katikati ya chumba, akapiga kofi moja, akatega sikio. Chumba kikamrudishia makofi manne. Akapiga tena, safari hii kwa hasira, na chumba, kama mtoto mwenye kiburi, kikamjibu kwa hasira ileile.

Hicho ndicho kilichokuwa studio yake, pale Ipinda, wilayani Kyela, mwaka wa tisini na nne. Usifikirie vioo na mataa. Kilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba yake, saruji chini, saruji ubavuni, bati juu, na ndani yake maiki moja juu ya meza ndogo. Mashine ya kurekodia kaseti ilikaa chumba cha pili, kilichokuwa stoo ya mpunga, ikilishwa na betri ya gari. Kwa miaka ishirini Reubeni alikuwa mtu wa redio katika meli za Ziwa Nyasa zilizotoka Itungi kwenda kusini. Alipostaafu alirudi nyumbani na hedifoni nzito zinazofunika sikio zima, na masikio yasiyojua kustarehe. Biashara ilipofunguliwa, vitu vikaanza kuvushwa mpaka wa Kasumulu mchana kweupe, naye akamwagiza mfanyabiashara Joshua amletee mashine. Kwaya za Busale zikaja kurekodi. Watu wenye ndugu Malawi nao wakaja kusema barua zao, maana kaseti humpelekea mtu hata kikohozi cha mama yake, na karatasi haiwezi kazi hiyo.

Lakini ukweli usemwe: hakuinunua mashine kwa ajili ya kwaya. Aliinunua kwa ajili ya mwanawe.

Asifiwe aliondoka mwaka wa themanini na tano, wakati hata sabuni inapangiwa foleni. Alisema anakwenda Blantaya, Malawi, kutafuta maisha, atarudi kabla ya mavuno. Mavuno tisa yakapita. Alimwacha mke aliyekaa naye miezi saba tu, Tulinagwe, binti wa Matema, ambaye hakurudi kwao. Alibaki kwa wakwe zake, akalima, akapepeta, akaimba sauti ya pili kanisani, akangoja. Na Reubeni alingoja pia, kila jioni, barazani, macho barabarani. Ukimuuliza anatazama nini atakuambia anatazama hali ya hewa. Hamu ya mwanawe ilimzidi kiasi kwamba siku za sikukuu alikuwa akiacha chakula na kutoka nje, akisingizia moshi.

Kaseti ya kwanza ilikwenda mwaka uliopita. Tulinagwe aliimba na kuzungumza dakika ishirini, Joshua akaibeba, akarudi na jibu la mdomo.

"Anashukuru, mzee," Joshua alisema. "Lakini anasema mlikuwa kama watu walio ndani ya pipa. Maneno ya mkewe hakuyaelewa hata moja. Ameuliza, alikuwa analia au anacheka?"

Swali hilo lilimchoma Reubeni kuliko miaka yote ya kungoja. Yaani mtoto anaulizia kilio cha mkewe na baba mtu, fundi mzima wa redio, ndiye aliyekiharibu! Akajiwekea imani moja, na imani ya mzee haina dawa: Asifiwe akimsikia mkewe vizuri, neno kwa neno, atapanda basi siku hiyohiyo. Basi akautangazia mwangwi vita.

Fundi mmoja mpita njia kutoka Mbeya alimshauri abandike trei za mayai ukutani. Reubeni akakadiria trei mia mbili. Kuku wa Ipinda nzima wangestaafu kabla hajamaliza ukuta mmoja. Akajaribu majani makavu ya mgomba. Yakawa yanachakarika kila mtu akivuta pumzi. Akajaribu mablanketi. Hayo yalizima sauti nyembamba, lakini sauti nene ikaendelea kuvuma pembeni mwa chumba kama ng'ombe aliyefungiwa. Mkewe Tusekile, mwanamke mwenye ulimi mkali na moyo laini, akayadai mablanketi yake baridi ya Juni ilipoingia.

Dawa aliipata kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Siku moja alikuwa amesimama nyuma ya lundo la pumba akingoja zamu yake, akagundua kwamba injini, iliyokuwa ikimpasua kichwa muda mfupi kabla, imekuwa mpole ghafla. Akasogea kushoto, injini ikanguruma. Akarudi nyuma ya lundo, injini ikanyamaza. Watu wakamwona mzee wa kanisa anacheza mbele na nyuma peke yake, wakatazamana.

Kuanzia siku hiyo alibeba pumba kama mtu aliyepagawa. Alipanga magunia ya pumba katika kona zote nne, toka chini hadi juu, na mvumo ukakatika. Alitundika mikeka kuta zote, si kwa kuigandamiza ukutani bali kwa kuiacha wazi shubiri moja, maana aligundua kwamba mkeka uliobanwa ukutani hukamata sauti kidogo, na ule wenye hewa nyuma yake huikamata sawasawa. Chini ya bati alilaza fito, na juu ya fito magunia. Miezi minane alihangaika hivyo.

"Baba Asifiwe," Tusekile alimwambia, "subira huvuta heri, lakini hii yako inavuta panya."

Na panya walikuja, kweli. Akaleta paka.

Uliobaki ni mlango wa kati, ule unaotenganisha chumba cha kuimbia na stoo yenye mashine. Na hapo mila ilikuwa na neno lake. Katika nyumba ya Reubeni mila ilikuwa bado na meno: mkamwana hatazamani na baba mkwe, hazungumzi naye, na hata jina lake halitamki. Wachungaji walikwisha sema mambo hayo yamepitwa, na vijana wa Kyela mjini waliyacheka. Lakini Tulinagwe alilelewa hivyo, na Reubeni alilelewa hivyo, na kwao hiyo ndiyo ilikuwa namna ya kupendana pasipo kuvunjiana heshima. Tulinagwe alipita nyuma ya nyumba. Mzee alikohoa kabla ya kuingia uani. Miaka tisa walikula chungu kimoja, na Reubeni hakujua sura ya mkwewe imekuwaje. Neno lolote lilipita kwa Tusekile.

Kwa hiyo mlango wa kati aliuziba kabisa. Alifunga fremu ya matete, akashona mikeka miwili huku na huku, na katikati akasindilia pumba mpaka juu. Tulinagwe angeingia kwa mlango wa uani na kuuegemezea gunia kwa ndani. Mzee angebaki stoo. Alijisifu sana kwa ukuta huo. Studio inataka mwimbaji atengwe na mashine, na mila inataka mkwe atengwe na mkwe, sasa ukuta mmoja umeyatimiza yote mawili. Joshua alipoingia kuujaribu alipiga kofi, na kofi likafa palepale. Hakuna aliyejibu. Reubeni alisimama katika ukimya ule akahisi kwamba mwanawe yuko njiani.

Joshua alisema atavuka Kasumulu kesho yake alfajiri, na siku hiyohiyo aliyosema ikaletwa habari ya msiba Busale kwa kaka yake Tusekile. Sasa kwenye kaseti ya kwanza Tusekile ndiye aliyekaa kwenye mashine mkwewe akirekodi, akiuangalia mshale wa kupimia sauti usipande kwenye nyekundu, huku mzee akizungukazunguka uani. Leo nani atauangalia?

"Si ukae mwenyewe," Tusekile alisema huku akijifunga kanga. "Ukuta upo. Utamwona na nini?"

"Sitamwona."

"Basi. Nimeshamwambia: mwimo wa mlango unapitisha mlio, ukiugonga mara mbili, aanze. Ukigonga mara moja, arudie." Akaenda zake msibani.

Watu hawa walikuwa wameyafikiria macho tu. Masikio hakuna aliyeyakumbuka.

Reubeni akavaa hedifoni, akafungulia mashine, akagonga mara mbili. Kitu cha kwanza alichokisikia ni kigoda kikilia. Kisha kanga ikisogezwa begani. Kisha mtu akimeza mate. Mzee alizivua hedifoni mbio kana kwamba amefungua mlango wa bafuni na kumkuta mtu. Miaka yote alimsikia huyu mwanamke kwa mbali tu, sauti moja ndani ya kwaya, kicheko nyuma ya jiko. Na katika kaseti ya kwanza mwangwi ulimfunika. Sasa akatambua kwamba mwangwi ule aliouchukia ulikuwa stara, naye ameuvua kwa mikono yake mwenyewe. Lakini mshale ulikuwa unacheza, na mshale hauangaliwi kwa kubahatisha. Akazirudisha hedifoni sikioni, akakaza macho kwenye mshale tu, asiutazame hata ukuta. Ndiyo heshima pekee iliyobaki.

"Asifiwe, ugonile," Tulinagwe alisalimia kwa lugha ya kwao, na ilikuwa kama amekaa begani kwa mzee. "Mama mguu umepata nafuu. Ile migomba uliyoipanda kule kisimani imezaa mpaka tumegawia majirani. Paa tulilibadilisha. Baba yako ana afya, ila amekuwa mtu wa pumba, siku hizi tunazipata mpaka kwenye ugali."

Reubeni alicheka kimya mpaka mabega yakatikisika. Kisha Tulinagwe akaimba. Nitasema nini kuhusu kuimba kule? Hakuwa na sauti kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kuimba peke yake akiwa ameinama shambani, yenye pumzi ndefu na ukwaruzo kidogo mwishoni, na kila neno lilifika mahali pake safi. Mzee alilia. Alilia kwa furaha, maana alijua kazi imekwisha, na hakuna mwanamume wa damu atakayesikia hivi akabaki Blantaya.

Wimbo ukaisha. Akanyoosha kidole azime mashine.

"Asifiwe, nina neno jingine," Tulinagwe alisema.

Kidole kikabaki hewani.

"Yupo mtu kwetu Matema ameniulizia. Mtu mzima, amefiwa na mke, ana watoto wawili. Sijamjibu, kwa sababu sijui mimi ni mke wa nani. Nimekungoja mpaka kungoja kumekuwa ndiyo kazi yangu. Blantaya si mbinguni, Asifiwe. Joshua anakwenda na kurudi. Basi sikuiti tena. Siku ukija, uje kwa wazazi wako, wanakulilia."

Reubeni akamsikia akivuta pumzi, mara moja, mara mbili.

"Na wewe, tata, baba yangu unayesikiliza."

Mzee akakishusha kidole bila kuzima.

"Najua unanisikia, mama aliniambia leo utakaa wewe. Nisamehe. Njia nyingine ya kukufikia sina, na neno hili siwezi kumtwika mama alibebe, litamvunja. Wewe ndiye uliyenitolea ng'ombe, wewe ndiye unayeweza kuniachia. Sitaki kutoroka kama mwizi, ninyi mmenilea kama mtoto wenu. Nitakaa hapa kidogo. Ukinyamaza, nitajua umekataa. Nitachukua jembe niende shambani, na neno hili halitasemwa tena nyumbani kwako."

Basi. Hayo tu. Miaka tisa chini ya paa moja, na hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza aliyoambiwa na mkwewe.

Ona sasa mtego wenyewe. Reubeni hakutakiwa kufanya lolote. Alitakiwa anyamaze, na kimya ndicho alichokuwa akikijenga kwa miezi minane. Akinyamaza, Tulinagwe atabaki. Kaseti itarudishwa nyuma, yale maneno ya mwisho yatafutwa kwa muda wa kupiga chafya mbili, na Joshua atapeleka wimbo mtupu. Asifiwe atausikia. Huenda atakuja. Na huyu akiondoka, Asifiwe atarudia nini? Wazee wawili na paka? Mwanamke huyu ndiye kamba ya mwisho iliyomfunga mwanawe na Ipinda, na sasa mzee anaombwa aikate yeye mwenyewe.

Lakini lile neno, Blantaya si mbinguni, lilikuwa limekwisha ingia. Yeye mwenyewe hakuwahi kuthubutu kulisema, hata moyoni. Ni safari ya siku mbili, tatu basi likiharibika. Mtu anayetaka kujua kama mkewe analia au anacheka hupanda basi akaja kuangalia. Reubeni aliujua ukweli huo tangu mavuno ya tatu, akaufunika kwa mikeka, magunia na pumba, akasingizia mwangwi.

Katika hedifoni Tulinagwe alikuwa anapumua, anangoja. Kisha pumzi ikaanza kukatika, kama ya mtu anayejizuia.

Reubeni akainua mkono agonge mwimo, mkono ukasita. Mara mbili maana yake anza. Mara moja, rudia. Hapakuwa na idadi ya kugonga yenye maana ya nakuachia.

"Nenda," alisema.

Mshale haukutikisika. Akakohoa, akapaza sauti. "Nenda, mwanangu!" Mshale ukabaki umelala. Ukuta wake aliousifu ulikuwa umemeza neno lote, na upande wa pili mwanamke yule alikuwa amekaa ndani ya kimya kizuri kuliko vyote vya mwambao wa Nyasa, akikisoma kimya hicho kama jibu. Kigoda kikalia. Amesimama. Hatua mbili, tatu, kisha gunia la mlango wa uani likaanza kuburutwa.

Mzee akazitupa hedifoni. Angeweza kuzunguka nje, lakini akili ya haraka haina ramani. Akaushika mkeka kwa mikono miwili, akauvuta. Haukutoka, aliushona vizuri mno, mpumbavu yule. Akauvuta tena kwa uzito wa mwili wote, kamba zikakatika, matete yakavunjika, na pumba zote zikamporomokea, kichwani, kifuani, ndani ya shati, vumbi likajaa stoo. Akapiga teke mkeka wa pili. Akapita.

Tulinagwe alikuwa ameshika gunia. Akageuka, na kwa mazoea akavuta kanga ajifunike uso.

"Usijifunike," Reubeni alisema.

Kanga ikashuka. Akamtazama. Siku ya harusi alimpokea huku akiangalia ukuta, na tangu siku hiyo moyoni mwake alibaki vilevile, binti wa miaka ishirini. Mwanamke aliyesimama mbele yake alikuwa na mistari kando ya mdomo, na juu ya sikio la kushoto mvi tatu au nne. Hakuwahi kufikiri kwamba huyu naye anazeeka. Aliona haya, haya kubwa kuliko ile ya kuvunja mila.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Ng'ombe sidai. Mwambie huyo mtu wa Matema kwamba unatoka kwa baba yako, hukufukuzwa, hukutoroka. Nami unisamehe. Nilikuweka hapa nikimngojea mtoto, nikasahau kwamba na wewe ni mtoto." Akatafuta neno la kuongeza, Kiswahili kikamwishia, akashukuru kwa lugha ya kwao. "Ndaga fijo," alisema. "Ndaga."

Tulinagwe alikaa chini juu ya gunia akalia waziwazi, na mzee, akiwa mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi viatu, alisimama tu pale asijue pa kuiweka mikono. Mashine ilikuwa bado inazunguka. Ilikamata mkeka ulivyochanika, na sauti ya mzee, na kilio kile, safi kabisa, mpaka utepe ukaisha.

Hakufuta kitu. Upande wa pili wa kaseti, ambao alikuwa ameutunza ili naye amsihi Asifiwe arudi, aliuacha mtupu. Alfajiri akamkabidhi Joshua.

"Hii je, inasikika?" Joshua aliuliza.

"Inasikika," Reubeni alisema. "Mwambie aisikilize akiwa amekaa."

Tusekile aliporudi kutoka Busale aliambiwa yote. Alimgombeza mumewe kwa sababu ya ukuta, akamgombeza kwa sababu ya pumba zilizotapakaa mpaka jikoni, na alipokosa la kugombeza akaketi chini akalia. Kisha akasema bibi harusi hatumwi peke yake, akafunga debe la mchele na kanga mbili mpya, akaamua atamsindikiza Matema yeye mwenyewe.

Waliondoka Jumamosi asubuhi. Tulinagwe hakupita nyuma ya nyumba. Alikuja mpaka barazani, mzigo kichwani, uso wazi, akapiga goti kidogo.

"Tata, kwaheri."

"Kwaheri, mwanangu. Wasalimie."

Akawatazama wakiishika barabara, mkewe akiongea bila kupumzika, yule mwingine akiitikia. Pale kwenye mashamba ya mpunga Tulinagwe alianza kuimba, taratibu, kama alivyozoea akiwa na safari, na kwa mara ya kwanza Reubeni aliitambua sauti ile peke yake, hata kwa mbali. Aliifuata kwa masikio mpaka ikapotea. Kumkosa Asifiwe alikwisha zoea. Kumkosa huyu ndiyo kwanza alikuwa anaanza.